Kilo Nane

Jumatano, 3 Juni
Daftari hili nimepewa na dada wa lishe pale hospitali. Kasema, "Mama, andika kila unachokula na kila unakotembea. Usinifiche hata karanga." Nikamwambia mwandiko wangu ni wa kuku, shule niliiacha darasa la tano. Akasema kuku akichakura, watu huona alikopita. Basi nachakura.

Habari yenyewe ni hii. Mwanangu wa mwisho, tunamwita Kengele kwa ajili ya kicheko chake, figo zote mbili zimekufa. Ana miaka ishirini na mbili. Mara mbili kwa wiki baba yake anampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Damu ya baba yake haikukubaliana na yake. Dada yake ni mjamzito. Yangu imekubali. Nilipoambiwa hivyo nilitaka kupanda kitandani saa ileile, wakate. Daktari akanitazama, akasema, "Panda kwanza kwenye mizani, mama."

Kilo tisini na nne. Muuguzi aliisoma kwa sauti kama anaita foleni, na foleni ikageuka. Presha nayo juu. Daktari akasema akinipasua hivi nilivyo anaweza kulaza wagonjwa wawili badala ya kuinua mmoja. Nishuke mpaka themanini na sita, nirudi Septemba 28. Akanionya nisijinyime ghafla, nitazidhuru zilezile figo wanazozitaka. Nusu kilo kwa wiki, basi, na iwe ndiyo namna nitakavyokula mpaka nizikwe.

Mimi nimewahi kushusha kilo tatu na nusu kwa usiku mmoja, nikapewa mtoto wa kubeba. Hii nusu kilo itanishinda?

Alhamisi, 4 Juni
Chai bila sukari. Ni kama kumsalimia mtu asiitike.

Jumamosi, 6 Juni
Mimi ni mshona magunia kwenye stoo inayonunua nafaka. Mavuno yameanza, wakulima wanashusha mizigo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kutwa nimekaa juu ya kigoda na sindano yangu. Dada wa lishe kauliza, "Unatembea kiasi gani?" Nikamwambia mkono wangu wa kulia unatembea sana.

Mizani ya hospitali naiogopa. Ya stoo ni ya jukwaa, ina jiwe linaloteleza juu ya chuma, nimekaa kando yake miaka kumi na moja. Leo baada ya kufunga nilimwomba mzee wa mizani, tunamwita Mpimaji, anipime. Alikizungusha kwanza kile kidude cha nyuma kwa kidole gumba. Sote tunakijua kidude kile. Akikilegeza, gunia la mkulima linapungukiwa kilo tatu kabla halijafika sakafuni. Akasema, "Kwako naweka sawa, mama."

Tisini na nne. Sawa na hospitali. Nikamshukuru. Dada wa lishe kakubali nijipime hapahapa kila Jumamosi, nimpigie simu kila mwezi.

Jumanne, 9 Juni
Jambo gumu kuliko sukari ni makombo. Tangu wanangu wote walipokuwa wadogo mimi ndiye niliyemalizia sahani zao. Sijawahi kutupa chakula, mkono wenyewe unakataa. Dada wa lishe kanipigia hesabu, kasema nilikuwa nakula mlo wa nne bila kujua. Sasa Kengele hali hata nusu. Anaisogeza sahani, anasema, "Mama, nimalizie." Ndiyo namna yake ya kunibembeleza tangu ana miaka mitatu.

Leo nimesema hapana. Wali ule nimewapa kuku wa jirani. Nilisimama nikiwatazama wanavyoula, nikawachukia.

Jumamosi, 13 Juni
94. Haikusogea.

Jumatano, 17 Juni
Nimeanza kwenda kazini kwa miguu. Dakika arobaini. Mama Mapacha, mwenzangu wa sindano, yuko mwembamba kama uzi wake. Kaniona nafika jasho tupu, akasema, "Shoga, kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Huyo mumeo atakushukuru." Wanawake wote wakacheka. Nami nilicheka. Baadaye roho iliniuma. Yeye kala maandazi manne mbele yangu, na mwili hauna habari.

Jumamosi, 20 Juni
93 na nusu. Nilimwambia Kengele, akapiga makofi kitandani. Kicheko kilitoka, lakini kifupi, kama kengele iliyofungwa kitambaa.

Jumatatu, 22 Juni
Baba yao kaifunua sufuria, akasema, "Nyumba imekuwa ya sungura." Nusu ya sahani mboga, robo wali, robo maharage. Akatoka kwenda kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, na najua pale kuna mama wa chapati. Mtoto ni wetu wote wawili, lakini anayekula majani ni mmoja.

Jumamosi, 27 Juni
93.

Jumamosi, 4 Julai
93. Magoti yanauma.

Ijumaa, 10 Julai
Leo likizo yangu ya siku moja, nikampeleka mimi kwenye mashine. Nao humpima kabla na baada. Maji yanamjaa mwilini kwa kuwa hakojoi, mashine inayatoa. Kapoteza kilo mbili kwa saa nne. Akaniangalia, akasema, "Umeona, mama? Mimi napungua nikiwa nimelala." Yule wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda chooni nikafungua bomba ili maji yapige kelele.

Jumamosi, 11 Julai
93 na nusu. Imepanda. Wiki nzima sijaiba hata punje, na imepanda. Mpimaji alilisogeza jiwe mara mbili nikimsihi aangalie tena. Niliketi juu ya magunia nikalia mbele yake, mtu mzima mimi. Ana mikono mikubwa, hakujua aiweke wapi. Wiki tano nzima nimeshusha nusu kilo. Hata mimi wa darasa la tano najua hesabu hii haifiki Septemba.

Jumatatu, 13 Julai
Nimeamua. Maji tu mpaka Jumamosi. Dada wa lishe asijue.

Jumanne, 14 Julai
Maji. Kichwa.

Alhamisi, 16 Julai
Jana nilianguka. Nilikuwa nimeinama kukata uzi, nikaona magunia yananijia, kisha nikamwona Mama Mapacha ananipepea kwa kipande cha boksi. Ndiye aliyeninywesha uji, kijiko kwa kijiko, huku ananitukana. "Mjinga wewe. Unataka kumpa mtoto figo ya maiti?" Mpimaji alisimama nyuma yake, rangi imemtoka. Akauliza kama ni kwa ajili ya zile kilo. Mama Mapacha akajibu badala yangu, akamweleza yote, mtoto, mashine, daktari. Nadhani mpaka jana yule mzee aliamini najipunguza kwa ajili ya mavazi.

Nimerudia mboga zangu. Taratibu. Sina njia nyingine.

Jumamosi, 18 Julai
92. Kilo moja na nusu kwa wiki moja. Nilimuuliza Mpimaji mara mbili. Kasema, "Mwili huwa unagoma, kisha unakubali. Endelea hivyohivyo, mama. Usilale njaa."

Jumamosi, 25 Julai
91 na nusu.

Jumamosi, 1 Agosti
91. Nilimpigia dada wa lishe. Kafurahi. Kasema kumbe nikila vizuri nashuka, nione sasa. Na bado akasema, "Ukipata nafasi pita hapa nikupime." Nikamwambia stoo imejaa, nitapita. Sikutaka foleni inigeukie tena.

Jumatano, 5 Agosti
Gauni la kijani bado linanibana kwapani. Labda kufua kumelikaza.

Jumamosi, 8 Agosti
90. Kengele amechora ngazi ukutani kwa mkaa, vipandio vinane, na kila kilo ikishuka anafuta kimoja. Vimebaki vinne. Kapanga atakachofanya akipona. Kwanza atakunywa jagi zima la maji ya baridi bila mtu kumpimia. Hilo tu. Nilimwambia aombe na kubwa zaidi. Akasema, "Mama, hilo ni kubwa."

Jumatatu, 17 Agosti
Kazi imetuzidi. Magari yanashusha mpaka jioni, tunashona hadi vidole vinatoa damu. Wiki iliyopita sikutembea, nilipanda gari la mizigo asubuhi na jioni. Jumamosi nilipima kwa hofu, na bado ikashuka, 89 na nusu. Basi mwili umeshajua njia, unajiendea wenyewe.

Ijumaa, 21 Agosti
Mama Mapacha ananitazama kila nikisimama. Leo kanishika ubavuni, akabana nyama, akasema, "Themanini na tisa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Shoga, gauni halijui kusoma mizani." Nilimwambia wivu haumnenepeshi mtu. Akarudi kwenye sindano yake na hatukusemeshana mpaka jioni.

Jumamosi, 29 Agosti
88 na nusu.

Jumamosi, 5 Septemba
88. Kengele kavimba miguu. Kipandio cha ukutani kakifuta akiwa amekaa kwenye kiti.

Alhamisi, 10 Septemba
Sahani yake inarudi karibu nzima. Hasemi tena nimalizie. Anaifunika tu.

Jumamosi, 19 Septemba
87. Baba yao kaninunulia raba. Za mitumba lakini nzima. Kaziweka mlangoni bila neno.

Jumamosi, 26 Septemba
86.

Mpimaji alipoisoma hakunitazama. Nilimshika mikono yote miwili nikaibusu kama ya padri. Akasema ana kazi, akaondoka haraka. Kengele kafuta kipandio cha mwisho. Ukuta una doa jeusi pale pote.

Jumatatu, 28 Septemba
Naandika niweze kulala. Sijui kama nitalala.

Tulikwenda sote watatu. Nimevaa raba. Kengele kwenye kiti cha magurudumu, kapaka mafuta midomoni. Dada wa lishe alikuja kwa ajili yangu, kaacha chai yake mezani. "Leo mama anatufundisha sisi," kasema. Nikavua raba, nikapanda.

Muuguzi akaangalia, akaangalia kitabu, akaangalia tena. Safari hii hakusoma kwa sauti. Ndiyo nikajua.

Tisini na moja.

Nikasema mizani yenu mbovu. Muuguzi akapanda yeye, akasema uzito wake haujabadilika. Wakaniletea nyingine kutoka wodi ya wazazi. Tisini na moja. Nikavua kitenge, nikavua mkufu, nikabaki na gauni mbele ya watu. Baba yao akaja akanifunika. Tisini na moja.

Daktari hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alisema kilo tatu kwa njia ya kweli si haba, na presha imeshuka vizuri, niendelee, turudi Januari. Kengele akauliza, "Januari nitakuwepo?" Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Daktari akasema watampima moyo, maana hii miguu haimpendezi.

Dada wa lishe alinisindikiza mpaka mlangoni. "Mama, ulijipima wapi?" Nikamwambia stoo. Akasema, "Ungekuja hata mara moja tu, tungejua mapema, tukabadilisha." Hakunisuta. Kosa ni langu. Niliogopa foleni. Kwa ajili ya aibu ya foleni.

Jumanne, 29 Septemba
Nilimkuta Mpimaji anafagia chini ya mizani. Stoo karibu tupu, mavuno yamekwisha. Nikamwambia, "Tisini na moja." Akaacha kufagia.

"Ulilegeza," nikasema.

"Nililegeza."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanguka." Alikalia mwisho wa jukwaa, na chuma kikainuka. "Mama, nilikuona unakufa. Nilisema nikimpa kilo moja atakula. Ukala. Wiki iliyofuata nikasema nitairudisha polepole, wewe unashuka huku mimi nakaza, tutakutana njiani bila wewe kujua. Ukaja unacheka. Sikuweza kukaza. Kila Jumamosi nilisema ijayo."

"Na themanini na sita?"

"Nilijua siku ikifika utakwenda tu hospitali, na huko watakwambia ukweli nilioshindwa kuusema. Sikuwa na mahali pengine pa kukufikisha."

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumwambia kwamba kwa kilo zake za uongo nilipanda gari la mizigo Agosti nzima. Lakini nilikuwa naangalia kile kidude cha nyuma kilivyong'aa, kimesuguliwa na kidole kimoja miaka yote. Nilikiona kila siku. Wakulima walisimama hapo wakisema, "Mzee, gunia hili nyumbani lilikuwa zito," na sisi wanawake tuliinamisha vichwa tukacheka ndani ya vitenge. Wapo waliokuwa wanauza kwa ajili ya mgonjwa. Lazima walikuwepo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi sikutia maji, nilishona mdomo wa gunia.

Nikamwambia, "Ulinifanya mkulima."

Akasema, "Mkulima nilimwibia. Wewe nilitaka kukupa."

"Kilo zenyewe zimetoka kulekule."

Nikachukua sindano zangu nikatoka. Nje Mama Mapacha alikuwa ananingoja, kaegemea ukuta wa stoo, kitenge machoni, analia kabla yangu. Nilimwomba radhi kwa lile neno la wivu. Akasema, "Nyamaza, twende." Akatembea nami mpaka nyumbani, dakika arobaini, na mwili wake ule usio na haja ya kutembea.

Jumamosi, 3 Oktoba
Mvua za kwanza. Nimepima hospitali. Foleni imegeuka. Igeuke. 91.

Jumatano, 7 Oktoba
Baba yao sasa ananisindikiza kila asubuhi, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Nilimuuliza, mama wa chapati hajamkosa? Akasema, "Chapati gani? Tangu Juni nakula karanga pale kibandani. Nilitoka ili usisikie njaa ukiniona nakula." Miezi minne nimemwandika vibaya humu. Sitafuta. Lakini niandike na hili.

Jumamosi, 10 Oktoba
90 na nusu. Ya mizani ya kweli.

Jumatano, 14 Oktoba
Wamemlaza. Moyo umechoka kwa yale maji. Daktari katuita pembeni, kwenye korido yenye ndoo ya kukinga mvua. Kasema moyo ulivyo sasa hauwezi kubeba upasuaji, figo ipatikane isipatikane. Nikamuuliza nikifika themanini na sita kabla ya Januari? Alinishika bega. Akasema, "Mama, safari hii si uzito wako."

Matone yalikuwa yanaanguka kwenye ndoo. Niliyahesabu mpaka ishirini nikasahau nilikuwa nahesabu nini.

Alhamisi, 15 Oktoba
Mvua.

Ijumaa, 16 Oktoba
Mvua. Hajala.

Jumapili, 18 Oktoba
Kengele leo aliweza kukaa. Walileta wali, maharage, kipande cha yai. Kala vijiko viwili, nimevihesabu. Kisha akaisogeza sahani kwangu, kama zamani.

"Mama, nimalizie."

Nikasema, "Unajua siruhusiwi."

Sauti yake imebaki ndogo, nilimsogelea nimsikie. "Sasa unaruhusiwa," kasema. "Kula tu, mama. Umejinyima sana."

Kumbe na yeye walishamwambia, au alijua mwenyewe. Alinishikia kijiko. Mkono wake hauna uzito wowote, ule mkono. Wali ulikuwa bado wa moto, na nilikuwa na njaa, Mungu ananiona, nilikuwa na njaa ya tangu Juni.

Nilichukua sahani ya pili nikaifunika ile. Nikamwambia, "Utaila baadaye." Akatabasamu, akafumba macho. Nikakaa mpaka muuguzi alipokuja kuichukua, imefunikwa, imepoa.

Baba yao kabaki naye. Mimi nimerudi kwa miguu, raba zimejaa maji.

Leo: chai bila sukari. Mboga, maharage, wali robo sahani. Nimetembea saa moja na nusu. Sikumalizia sahani ya mwanangu.